Safu ya Lugha: Kiraka si kipande

Anayejifunza kushona mfarishi wa vipande vya vitenge hapa Kampala husikia kila kipande kikiitwa kiraka. Neno hilo linaonewa. Kiraka huwekwa palipotoboka: mafundi wa nguo za magome ya mti wa mutuba huko Buganda, ambao ufundi wao UNESCO iliutambua mwaka 2005, hushonea viraka kwenye matundu, hata mchezaji kiraka wa kandanda ameitwa hivyo kwa kuziba mapengo. Mfarishi (neno lenye asili ya Kiarabu, kutoka shina lenye maana ya kutandika) hauna pengo la kuzibwa. Vipande huungwa ukingo kwa ukingo, na mshono wa tao, unaounga kingo zilizopinda, ndio shahidi: ukingo uliobonyea hupigwa vijikato vidogo, sehemu za katikati za vipande viwili hulinganishwa kwa pini, kisha hushonwa taratibu bila kuvuta kitambaa. Nani hutaabika hivyo kwa kiraka? Atakayejibu kwamba vipande vyenyewe ni masalio ya mafundi cherehani wa Kiyembe, hapa Kampala, anaeleza kitambaa kilikotoka, si kazi kinayofanya.