Lord Spikeheart: Msee wa Metali Aliyejijengea Lebo, na Kwa Nini Wasanii wa Isiolo Wanafaa Kuskiza

Tuseme ukweli. Ukiambia watu wa Bulapesa ama Kiwanjani ati unataka kuwa msanii, jibu huwa ni moja: panda gari uende Nairobi. Ni kama kilomita 280 hivi. Na ukifika huko unaambiwa tena tafuta lebo ikusaini. Yaani kila mahali kuna mlango, na kila mlango uko na mwenyewe.

Sasa kuna msee Mkenya anaitwa Lord Spikeheart. Anafanya aina ya muziki ambayo redio zetu haziguzi, na bado amefika mbali kuliko wengi wanaochezwa kila asubuhi. Kama humjui, hii hapa stori yake.

Ni nani huyu?

Jina lake ni Martin Kanja. Kazi yake ni sauti: kupiga nduru, kunguruma, kuchana maneno mpaka unashangaa kama koo ni yake kweli. Alianzia kwa bendi ya metali ya Nairobi iliyoitwa Lust of a Dying Breed.

Usifikirie roki ya Kenya ni kitu cha jana. Nairobi imekuwa na mbogi ya roki na panki kwa miaka mingi. Crystal Axis, kwa mfano, ni bendi ya panki iliyoimba kuhusu Nyayo House, ile nyumba serikali ya Moi ilitesea watu. Lakini hii mbogi ni ndogo, na mbogi ndogo haina mdosi wa kukuandalia shoo. Hiyo ndiyo roho ya panki tangu ianze miaka ya 1970: kama hakuna mtu wa kukufanyia, jifanyie.

Duma: giza, si mnyama

Kanja aliungana na Sam Karugu, mpiga gitaa na prodyusa aliyetoka bendi ya Seeds of Datura. Wawili hao wakaunda Duma. Hapana, si yule mnyama wa mbio. Jina limetoka kwa neno la Kikuyu la giza.

Hawakuwa na mpiga ngoma. Midundo ilitoka kwa mashine, ikienda kasi ya kutisha, gitaa juu yake, halafu Kanja juu ya hizo zote. Walirekodi Kampala, kwa watu wa Nyege Nyege, wale wenye tamasha maarufu lililoanza Jinja mwaka wa 2015. Albamu yao, ambayo pia inaitwa *Duma*, ilitoka Agosti 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes.

Hapo ndipo mambo yakageuka. Wachambuzi wa muziki Ulaya na Marekani wakaanza kuwaandika. Sub Pop ya Seattle, lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka wa 1989, ikatoa singo yao. Mwaka wa 2021 Kanja akaskika tena kwa *Tewari*, albamu ya prodyusa Mjapani Scotch Rolex.

Cheki hiyo njia vizuri: Nairobi, Kampala, halafu dunia. Hakungoja Nairobi imkubali kwanza.

Haekalu: nyumba yake mwenyewe

Aprili 2024 akatoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, *The Adept*. Safari hii haikutoka kwa lebo ya mtu. Ilitoka kwa Haekalu Records, lebo aliyoanzisha mwenyewe, na hiyo albamu ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya lebo. Ndani kuna wageni kama Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia aliyeshinda tuzo ya Polaris ya Kanada mwaka wa 2020, na Fatboi Sharif wa New Jersey.

Lakini mtu mkubwa zaidi kwa hiyo albamu haimbi. Ni Muthoni wa Kirima, ambaye Kanja humtaja kama nyanyake mkuu. Kama ulisoma historia unamjua: mwanamke pekee wa Mau Mau aliyepata cheo cha Field Marshal. Alikaa msituni mpaka Uhuru wa 1963, na rasta zake hazikukatwa mpaka Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta alipozinyoa. Alifariki Septemba 2023 akiwa na miaka 92, na albamu ikatoka miezi michache baadaye ikimuenzi.

Kwa hivyo ukiskia zile nduru usikimbilie kusema ni mambo ya shetani. Hapo kuna mjukuu anakumbuka watu waliopigania shamba na hawakuwahi kulipwa vizuri.

Lebo yako inakusaidia aje?

Hapa ndipo pa kushika kalamu. Ukisainiwa, mara nyingi lebo inalipia studio, nayo inamiliki rekodi. Ukiwa na lebo yako, gharama ni yako: studio, kuchanganya sauti, picha ya kava, matangazo. Hakuna ganji ya haraka hapo. Lakini rekodi inabaki yako, na kwa sheria ya Kenya rekodi inalindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Hiyo unaweza kuachia watoto.

Angalia na Skiza. Sheria ya hakimiliki ilivyobadilishwa mwaka wa 2022 inasema asilimia 52 ya pesa za milio ya simu, si chini ya hapo, ni ya msanii ama mwenye hakimiliki. Soma tena hayo maneno: *ama mwenye hakimiliki*. Kama ulisaini karatasi bila kusoma, huyo mwenye haki anaweza kuwa mtu mwingine.

Kwa Bandcamp, wimbo ukiuzwa wao wanachukua asilimia 15, kando na ada ya malipo. Ukiuza albamu ya dola 10, dola 1.50 ni zao. Haujaomba mtangazaji yeyote akucheze.

Na Isiolo je?

Mji wetu una Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru kwa barabara moja. Lugha tano, nyimbo za harusi, za ngamia, za vita na za mvua, na nyingi hazijawahi kurekodiwa vizuri. Spikeheart alichukua sauti iliyoonekana haina soko, akachanganya na historia ya ukoo wake, akatafuta studio iliyomuelewa hata kama ilikuwa nchi nyingine.

Wewe ukiwa na simu, maikrofoni na marafiki watatu, anza hivi: andika ni nani alitunga na ni nani alirekodi, kubalianeni mgao kabla wimbo utoke, halafu sajili kazi kwa KECOBO ili uwe na ushahidi siku ya ubishi. Jina la lebo litakuja baadaye.

Ukitaka kumskiza, anza na *The Adept*. Tumia vipokea sauti vya masikio, na kama nyanya amelala, punguza sauti kwanza.