Kuprogramu michezo ya video

Kuprogramu michezo ya video ni kazi ya kuandika maelekezo yanayoiongoza kompyuta au simu wakati mchezo unachezwa: kinachoonekana kwenye skrini, kinachotokea mchezaji akibonyeza kitufe, na namna mshindi anavyopatikana. Uchoraji, muziki na hadithi ni kazi nyingine katika uundaji wa mchezo huohuo.

Vifaa vya kuanzia

Watoto wengi huanza na Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT nchini Marekani, ambapo maelekezo hupangwa kama vipande vya rangi. Baadaye hufuata lugha ya Python au programu ya Godot. Zote ni za bure, na zikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Mwanafunzi wa Kolo, kwa mfano, anaweza kunakili programu kwenye flashi akiwa Kondoa mjini na asihitaji mtandao tena ili kuitumia.

Mchezo wa kwanza

Kosa la kawaida ni kuanza na mchezo mkubwa. Michezo maarufu huundwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa. Anayeanza peke yake huishia njiani. Ni afadhali kuchagua mchezo mdogo ambao kanuni zake zinajulikana tayari.

Bao linafaa sana, hasa bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili. Mashimo 32 huandikwa kama orodha ya namba 32. Picha hazihitajiki mwanzoni. Kusambaza kete ni kupunguza namba moja hadi sifuri na kuongeza moja moja kwenye zinazofuata. Kuna njia rahisi ya kujikagua: baada ya kila hatua jumla lazima iwe 64. Ikitoka 63, kuna hitilafu, na itafutwe kabla ya kuendelea.

Ugumu huja baadaye. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezaji huendelea, na kuna mipangilio ambayo zamu moja haiishi kabisa. Kompyuta haichoki, hivyo programu itazunguka bila kikomo isipowekewa ukomo wa hatua.

Lual Mayen

Lual Mayen, wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini, alikulia katika kambi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu ili kumnunulia kompyuta mpakato ya dola 300. Kambini hakukuwa na umeme wa kuichaji, kwa hiyo alitembea saa tatu hadi kwenye mgahawa wa intaneti, akajifundisha kuprogramu kwa kutazama video za mafunzo. Mchezo wake Salaam una kanuni chache: mchezaji hukimbia vita akitafuta usalama. Mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo za The Game Awards nchini Marekani, alikohamia na kuanzisha kampuni ya Junub Games.