Au, au nini?

Mjukuu wangu, aliye Gredi ya 7 hapa Shieywe, Kakamega, aliivua pete yangu kidoleni, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha na kusoma maandishi ya ndani: "Au 750". Akaniuliza mimi bibi yake, "Kukhu, au nini?"

Swali lake halikuwa la mzaha. "Au" yetu hutaka vitu viwili, chai au uji. Ya pete imetoka kwa aurum, jina la Kilatini la dhahabu. Mwanzoni mwa karne ya 19, mkemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, alipendekeza elementi ziandikwe kwa herufi za majina yao ya Kilatini. Ndiyo sababu fedha ni Ag na chuma ni Fe. Sisi tukisema "dhahabu au fedha", maneno yote matatu ni ya Kiarabu, hata hiyo "au".

Vitabu vya kemia huziita herufi hizo alama. Shida ni kwamba sonara naye huyaita alama maandishi anayogonga kwenye pete. Mimi ningesema ishara kwa Au, na chapa kwa kilichogongwa, kwa maana anayemtia ng'ombe chapa huwa tayari kuulizwa habari za ng'ombe huyo. Ishara inataja kitu tu, haipimi kiasi chake. Hata pete ya shaba inaweza kuandikwa Au; herufi hazina mkono wa kumzuia mwongo.

Kiasi kimo kwenye namba. 750 maana yake sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu. 250 zilizobaki ni shaba, fedha au metali nyingine (na hapo "au" yetu imepata kazi). Wengine huhesabu kwa karati: dhahabu tupu ni karati 24, kwa hiyo 750 ni karati 18, 916 ni 22, 585 ni 14, na 375 ni 9. Mchanganyiko si wizi. Dhahabu tupu ni laini, pete yake hupinda kwa urahisi. Wizi ni kuuziwa pete yenye herufi GP, iliyopakwa dhahabu juu tu, kwa bei ya dhahabu. Karati ya almasi ni habari nyingine: huo ni uzito, gramu 0.2.

Dhahabu ya kwetu haina chapa. Ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, Wazungu walimiminika, na mwaka 1932 sheria ikabadilishwa ili ardhi ya wenyeji iweze kuchukuliwa kwa migodi bila kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi wa Rosterman, karibu na mji, ulifungwa mwaka 1952, lakini watu bado wanachimba na kuosha mchanga. Zebaki hushika chembe za dhahabu, kisha huchomwa, na mvuke wake ni sumu. Donge linalobaki hupimwa kwa mizani. Ndani yake mna fedha iliyochanganyika huko huko mwambani, na hakuna namba ya kuitaja.

Mjukuu alinirudishia pete. "Na hii ilitoka Rosterman?"

Mwanangu aliinunua Guangzhou. Lakini dhahabu huyeyushwa na kuchanganywa mara nyingi, na chapa ya ilikochimbwa hakuna anayeigonga. Nikamwambia huenda.

"Au siyo," akasema.