Ubini, Si Wizi

Waliokaa vikao, wakanywa chai na kututungia "wizi wa kitaaluma" kuwa jina la kosa la kuitia jina lako kazi ya mwingine, sidhani kama waliwahi kusahihisha insha za kidato cha tatu. Nimeikuta istilahi hiyo kwenye ubao wa matangazo wa shule hapa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kenya. Mwanafunzi akiisoma hudhani anaonywa asibebe vitabu vya maktaba.

Kuiba ni kumpunguzia mwenye mali. Mchimbaji anayebeba mawe ya dhahabu kutoka shimo la jirani amemtia jirani hasara. Aliyenakili insha ya mwenzake amemwachia insha nzima, hata nukta haikupungua. Kosa lake liko juu ya ukurasa, pale alipoandika jina.

Mahasimu wangu hukimbilia Kiarabu: wahakiki wa kale wa ushairi waliliita tendo hili sariqa, yaani wizi. Ni kweli, nao wabaki nalo. Warumi walikuwa wameona mbali zaidi. Martial, mshairi wa karne ya kwanza, aliyafananisha mashairi yake na watumwa aliowapa uhuru, na aliyejidai kuwa mwenye mashairi hayo akamwita plagiarius, jina la mteka watu. Kwa Martial, basi, aliyedhulumiwa kwanza ni shairi lenyewe, lililopewa bwana asiye wake.

Sasa tazama Kiswahili kilivyotuwekea akiba. Kubini ni kuiga saini au mwandiko wa mtu kwa nia ya kudanganya. Jina la ubini nalo ni lile la baba au la ukoo, kutokana na bin, mwana wa fulani. Kama ni mzizi mmoja au ni bahati ya sauti tu, wabishane wenye kamusi. Mimi natosheka kwamba sikio la Mswahili husikia ghushi na ukoo kwa pamoja. Anayeitia jina lake insha ya mwingine amemgeuzia mtoto wa watu ubini. Tendo ni ubini wa maandishi, mtendaji ni mbini. Neno gani lingine lina haya yote kwa silabi tatu?

Nililiwasilisha mbele ya jopo ambalo sitalitaja. Nilijibiwa kuwa ni la kizamani. Mwanajopo mmoja alipendekeza "plajiarizimu", akalitamka mara mbili kwa matamshi mawili tofauti, na kumbukumbu za kikao zikamsifu kwa ubunifu.

Wanafunzi hawangoji majopo. Kikaratasi cha majibu kinachofichwa kwenye soksi walikiita mwakenya, jina la chama cha siri cha miaka ya 1980 ambacho maandishi yake dhidi ya serikali ya Rais Moi yalipitishwa kwa kificho. Hiyo ndiyo istilahi: ina siri, ina hatari, ina historia. Ila mwakenya ni wa chumba cha mtihani, na mambo ya huko yana jina lake, udanganyifu. Matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, yalipofutwa mwaka 2015, huo ulikuwa udanganyifu. Ulinzi ulipokazwa mwaka uliofuata, waliopata A walishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Hakuna aliyehitaji neno jipya hapo.

"Wizi" unakwama hasa kwenye biashara ya insha. Vijana wetu wa Kenya wanajulikana kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao kwa malipo. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 2022 imeharamisha kuuza huduma hiyo. Mwandishi ameridhika, amelipwa, ameshukuru. Nani ameibiwa? Hakuna. Lakini mnunuzi anayeiwasilisha kwa jina lake ni mbini mtupu.

Kuhusu darasani, kwa ufupi: mwalimu adai rasimu, amhoji mwanafunzi kwa mdomo juu ya alichoandika, amfundishe kutaja alikotoa maneno. Na kwenye ubao wa matangazo aandike "Ubini hauruhusiwi". Anayeuliza maana ataelezwa papo hapo, bila kusubiri kikao.