Tangawizi ya Same

Tangawizi ya Same (*Zingiber officinale*) ni tangawizi inayolimwa kwenye miinuko ya Milima ya Upare, Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, hasa Mamba Miamba na Myamba. Asili ya mmea huu ni Asia ya kusini-mashariki. Kinachoitwa mzizi kwa kawaida ni tunguu, yaani shina litambaalo chini ya udongo. Likikatwa bichi, huonyesha nyama ya manjano yenye nyuzi. Ukali wake hutokana na jinjeroli. Likikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka shogaoli, iliyo kali zaidi, ambayo jina lake limetokana na neno la Kijapani la tangawizi.

Dondoo la tangawizi limechunguzwa kuhusu kinga dhidi ya saratani ya utumbo mpana. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2011, watu 30 wenye afya walipewa ama gramu 2 za dondoo la tangawizi kwa siku au vidonge visivyo na dawa, kwa siku 28. Kwa waliopewa tangawizi, baadhi ya vipimo vilionyesha kupungua kwa prostaglandini E2, kemikali ya uchochezi, kwenye utando wa utumbo. Jaribio lilipima kemikali, halikupima saratani. Kuiita tangawizi kinga iliyothibitishwa ni kosa. Kwa kujikinga na saratani hiyo, ushahidi kuhusu nafaka zisizokobolewa una nguvu zaidi.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kabla ya kumeza dondoo hilo, na mwenye damu kwenye choo asicheleweshe kupimwa hospitalini.