Ekari Kati ya Misindano

Anayepita Mafinga, wilayani Mufindi, leo huona misindano mpaka upeo wa macho, akadhani msitu huo upo tangu enzi za mababu. Sivyo. Vilima hivyo vya Sao Hill, mkoani Iringa, vilikuwa nyasi kwa sehemu kubwa. Na msindano wenyewe, Pinus patula, asili yake ni Mexico. Majaribio ya upandaji yalianza 1939, upandaji mkubwa ukashika kasi miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikafuata. Baadaye wanakijiji na watu wa mjini nao wakapanda misindano yao, na ardhi ikagombewa.

Anayetafuta ekari za kujenga Mufindi, au Rungwe mkoani Mbeya, asiishie kwa dalali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampeleka kwenye halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia. Aende shambani na majirani, kila mmoja aoneshe mpaka wake. Ndani ya msitu wa hifadhi, kijiji hakina kiwanja cha kumgawia mtu.