Mbwa wa kuwinda: Afunzwe kuruka lango, au afunguliwe?

MKULIMA wa Uingereza anapomwona mbwa mwembamba wa miguu mirefu akiruka lango la shamba lake, huwa na mawili ya kuhofia: kondoo wake na seng'enge yake. Mwenye mbwa huwa na la tatu, nalo ni miguu ya mbwa mwenyewe.

Mbwa anayezungumziwa hapa huitwa lacha. Ni chotara ambaye mzazi wake mmoja ni mbwa wa mbio awindaye kwa macho, kama vile greihaundi, wipeti au saluki, na wa pili ni mbwa wa kazi, mara nyingi koli achungaye kondoo au teria wa Bedlington. Kwa wa kwanza hurithi kasi. Kwa wa pili hurithi akili na ustahimilivu. Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa asili nchini humo, hakimtambui kuwa aina kamili, jambo ambalo halijawahi kuwakosesha usingizi watu wa mashambani wanaomfuga kwa ajili ya sungura.

Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, huenda akauliza kama kazi hiyo ni halali. Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutekelezwa Februari 18, 2005 katika England na Wales, ilikataza kuwakimbiza kwa mbwa wanyamapori walio wengi, akiwemo yule sungura mkubwa aishiye nyikani bila shimo. Sungura mdogo wa mashimoni, ambaye huharibu mimea, pamoja na panya, waliachwa nje ya marufuku hiyo mradi mwenye ardhi awe ametoa idhini.

Idhini hiyo huishia penye ua. Mbwa hajui hilo, na ndiyo sababu suala la kuruka limezusha mabishano ya miaka mingi baina ya wafugaji.

Wako wanaoshikilia kwamba lacha asifunzwe kuruka kamwe. Mbwa aliyezoea kuruka lango, wasema, ataruka pia ua wa nyumbani, ataingia kwa jirani, na siku moja atakutwa katikati ya kondoo. Sheria ya kulinda mifugo dhidi ya mbwa, ya mwaka 1953, humtia hatiani mwenye mbwa anayesumbua mifugo shambani. Aidha, tangu Agosti 2022 mtu anayeingia katika ardhi ya mwingine na mbwa kwa nia ya kusaka yule sungura mkubwa aweza kufungwa hadi miezi sita, kutozwa faini isiyo na kikomo na kunyimwa haki ya kufuga mbwa.

Wengine hujibu kwamba mbwa anayemfukuza sungura hatasimama penye ua eti kwa kuwa hakufunzwa kuuruka. Ataruka tu, ila ataruka vibaya. Hoja hii ndiyo yenye uzito zaidi, lakini kwa sharti moja: mbwa aruke kwa amri, na kabla ya kufunzwa amri ya kuruka awe amefunzwa kusimama na kungoja. Lacha anayeruka kila kizuizi kwa hiari yake hajafunzwa chochote.

Uwezo si tatizo. Lango la kawaida la shamba la Uingereza, lile la mbao tano za mlalo, huwa na kimo cha takriban mita 1.1. Wakenya wanajua fika kiunzi cha mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji: kwa wanaume kimo chake ni sentimita 91.4. Lango basi limekipita kiunzi hicho, na mbwa anayeliruka husimama kati ya sentimita 55 na 70 tu begani. Hata hivyo, lacha mwenye afya huliruka bila taabu. Mwaka 2017 greihaundi mmoja wa Marekani aitwaye Feather aliweka rekodi ya dunia kwa kuruka sentimita 191.7.

Tatizo ni aina ya kizuizi. Lango la mbao na ukuta wa mawe huonekana wazi, na mbwa aweza kukanyaga juu kwa nyayo zake na kujisukuma mbele, kama wanariadha wengi wanavyokikanyaga kiunzi cha maji. Ukuta una hila yake, kwa kuwa mbwa haoni kilicho upande wa pili: huenda ardhi iko chini zaidi, au pana jembe la trekta lililoachwa nyasini.

Seng'enge ndiyo hatari kubwa. Ua wa kondoo nchini humo kwa kawaida ni wavu wa waya, na juu yake hupita uzi mmoja au miwili ya waya wenye miiba. Mbwa wa mbio huruka kwa mkao wa chini akiwa na kasi kubwa, macho yake yakimtazama sungura. Akikosea kidogo, mguu wa nyuma huteleza kati ya waya wa juu na ule ulio chini yake. Mwili unaendelea mbele, nyaya zinajisokota, na mbwa anabaki akining'inia kichwa chini. Mguu waweza kuvunjika au kano kukatika kabla mwenyewe hajafika. Paa wa mwituni hufa hivyo hivyo.

Usiku ni vibaya zaidi. Wawindaji wengi wa sungura hutumia kurunzi, na mwanga wake humwangukia sungura na kuuacha waya gizani. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mtu asiyeukagua ua wa shamba mchana hana haki ya kumwachilia mbwa humo usiku.

Kisha kuna kutua. Mbwa hutua kwa miguu ya mbele kwanza, na nguvu inayoipata ni zaidi ya uzani wake, nao si haba: lacha wengi wana kilo 20 hadi 30. Vifundo vya miguu hiyo na vidole ndivyo huumia, hasa majira ya baridi ambapo ardhi huganda na kuwa kama saruji. Majira hayo ndiyo pia ya kuwinda sungura, na kila mwenye lacha hulazimika kuchagua.

Mbwa mchanga asirushwe kabisa vizuizi vya kimo. Karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu za gegedu ambazo ndizo hukua, na kwa mbwa wakubwa hufunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Zikijeruhiwa kabla ya hapo, mguu waweza kukua umepinda. Kennel Club haimruhusu mbwa wa chini ya miezi 18 kushindana katika michezo yake ya kuruka, na mwaka 2020 kiliteremsha viunzi vya mbwa wakubwa kutoka sentimita 65 hadi 60. Viunzi hivyo huanguka vikiguswa. Lango halianguki.

Mafunzo yenyewe si magumu. Ubao wa kimo cha goti la mbwa huwekwa mlangoni, uzibe hadi chini ili asipite kwa kutambaa, naye hutamkiwa neno moja, lile lile kila siku, anapouvuka. Ubao huinuliwa polepole kwa miezi, si kwa siku. Baadaye hupelekwa penye lango halisi, aketi, angoje, na aruke tu anapoambiwa. Akirudia mara tatu au nne yatosha kwa siku.

Seng'enge ibaki nje ya mafunzo hayo. Palipo na lango lifunguliwe, na pasipo na lango mbwa ainuliwe kwa mikono. Ikibidi kabisa aruke, koti zito au gunia hutandikwa juu ya waya ili mbwa auone ukingo na miiba isimfikie tumboni.

Mwenye busara hubeba koleo la kukatia waya. Mbwa akinasa, jambo la kwanza ni kuuinua mwili wake ili uzito uondoke mguuni, ndipo waya ukatwe, na mkulima aarifiwe siku hiyo hiyo. Ngozi ya lacha ni nyembamba na haina mafuta chini yake. Tundu dogo la mwiba laweza kuficha mpasuko mrefu kifuani au pajani, kwa hiyo manyoya hupapaswa kote kwa vidole papo hapo, na tena asubuhi yake, kabla ya kuamua kama daktari wa mifugo aitwe.